Mikono Tuliyokuwekea, Kaka Magesa

Kaka Magesa,

Tumsifu Yesu Kristo. Hujambo huko uliko? Mgongo unasemaje? Na ule mguu wa kulia, umetulia au bado unarukaruka? Sisi huku Butiama ni wazima, mvua imenyesha, mihogo imekubali. Wifi bado analia akiona randa yako, lakini anakula.

Juzi tumefanya misa yako ya arobaini. Nimeona nikuandikie kabla moyo haujarudi nyuma.

Kaka, nilikuwaga nakustaajabu hata kabla hujaugua, ila baada ya ile operesheni ya uti wa mgongo kule Mwanza ndiyo nilikujua. Ulirudi unatembea, maumivu yameisha, tukapiga vigelegele. Wiki haijaisha, tumbo likaanza kuruka lenyewe, mguu nao unapiga teke, na wewe umekaa tu. Mtu mwingine angejifungia ndani. Wewe ulirudi kwenye useremala. Ulikuwaga unasubiri mruko upite, ndiyo unasukuma randa. Wateja unawatania: "Msisogee, huu mguu haunaga adabu." Na kanisani ukisoma somo la kwanza, tumbo likikukata pumzi unatulia, halafu unaendelea pale pale. Wageni walidhani ni madoido ya kusoma.

Mimi ndiye niliyesema ni pepo.

Nilikusanya akina mama wenzangu wa karismatiki, tukakuwekea mikono. Kila tukikugusa, unaruka. Tukazidisha mikono. Ukasema, "Jamani, mkinishika ndiyo inazidi. Hebu niacheni kidogo muone." Nikapaza sauti: "Mnasikia? Hilo ni pepo linaongea, linaogopa mikono!" Ulicheka, Kaka. Ukasema, "Basi ombeni, ila huyu mdogo wangu Perpe apunguze kucha." Neno la pepo likaenea, na Jumapili iliyofuata jina lako halikuwepo kwenye orodha ya wasomaji.

Ndipo nikakusindikiza Musoma kwa daktari. Akakugusa unyayo kwa kidole kimoja tu, tumbo likaruka. Akatueleza kwamba baada ya kupasuliwa uti wa mgongo, kwa watu wachache mishipa ya fahamu inaanza kutuma amri kwenye misuli bila mwenyewe kutaka, na kuguswa kunaweza kuiamsha. "Siyo pepo, mama," akaniambia, maana nilishamuuliza. Hukunitazama. Tulipotoka ukasema tu, "Twende tukale sato, nina njaa." Dawa zikapunguza, hazikumaliza.

Kwenye sala ya jumuiya wakaniuliza, "Vipi, limetoka?" Nikaogopa aibu. Nikajibu, "Linaendelea kutoka." Na wewe umekaa hapo hapo kwenye mkeka! Neno lako moja lingenimaliza. Ukasema, "Tumshukuru Mungu, naendelea vizuri."

Ukanilinda mimi, na kusoma hukurudishiwa mpaka homa ya mapafu ikakuchukua. Wifi ameniambia kila Jumamosi jioni ulikuwaga unamsomea yeye somo la kesho, umesimama wima, kwa sauti ile ile ya kanisani. Mtu mmoja tu anasikiliza, na wewe unasoma kama kanisa limejaa. Sijui ulipata wapi moyo huo. Tumelelewa nyumba moja lakini mimi sina.

Sasa sikia. Kwenye arobaini nilisimama nikasema yote mbele ya watu, kuanzia kidole cha daktari mpaka uongo wangu. Mwenyekiti wa jumuiya akaniuliza, "Perpetua, mbona hukusema akiwa hai?" Nikamwambia niliogopa aibu, nikakaa.

Nakuahidi, nikisikia mtu ametoka kupasuliwa mgongo na mwili unamruka, hata awe Bunda nitapanda gari nikamweleze yeye na watu wake. Kuomba nitaomba, hilo siachi, ila mikono yangu itakaa mapajani.

Pumzika, Kaka, Mungu akupe mwanga wake. Ila nijibu mapema, kwa ndoto au kwa njia yoyote: ulinisamehe, au ulininyamazia tu?

Mdogo wako,
Perpetua