Lenzi za Kujitazamia

Hai Malakal, Juba
11 Februari 2024

Kaka yangu Shem,

Pokea salamu za huyu dada yako mkaidi. Mimi mzima, ila joto la huku nikikueleza utasema naongeza chumvi. Nyinyi je, mgongo wa wifi umepoa? Na wewe bado unakohoa hapo kibandani kwako kwa vumbi la kusaga lenzi?

Najua umeshangaa kupata barua mwaka huu wa simu. Nilikuwa nikivaa ile miwani uliyonitengenezea nikatazama simu, kioo cha simu kinakuwa cheusi ti. Nikiivua, macho yanawaka moto. Na tukipigiana tunagombana tu. Kwenye barua angalau huwezi kunikatiza.

Sasa shida yenyewe. Juzi boda ilinimwaga mtaroni nikitoka soko la Konyo Konyo. Mimi sikuumia, lakini miwani ilikanyagwa na raksha, hizi bajaji za huku, ikawa unga. Unakumbuka maneno ya daktari wa Kisumu: pazia la nyuma ya macho yangu linachakaa, dawa ya kulirudisha hakuna, na mwanga mkali unaliharakisha. Nami hapa nafundisha uani. Darasa letu ni mabati juu ya nguzo, chini mchanga mweupe, na jirani amejenga ua wa mabati mapya yanayotupiga mwanga usoni tangu asubuhi. Siku nne sasa nafundisha nimekunja uso kama aliyelamba ndimu.

Nitengenezee nyingine. Wewe ndiye fundi, chagua wewe. Dereva wa basi la Kampala ataileta.

Watoto wangu viziwi wanakusalimu. Wamenipa jina la ishara, vidole viwili chini ya jicho, kwa sababu ya haya macho makubwa uliyokuwa unayaita ya bundi. Wao wanayapenda, mjinga wewe.

Dada yako,
Zilpah


Kakamega
27 Februari 2024

Kwako Bundi,

Tumepata barua na tumefurahi. Wifi yako anasema mgongo umepoa, lakini ndoo bado nabeba mimi.

Pole kwa kuanguka. Hao watu wa boda siku moja watakuua, panda raksha kama watu wenye akili.

Nilikuwa na njia mbili. Zote mbili ni lenzi za kukata mng'ao, zile wauzaji wanaita polaraizdi, kwa hiyo mwanga unaodunda kwenye mchanga na mabati hautakusumbua. Moja ni ya wazi, rangi tu. Nyingine juu yake imepakwa utando wa fedha, mtu akikutazama anajiona mwenyewe. Vijana wa hapa wanazinunua kwa maringo. Lakini ule utando una kazi: unarudisha sehemu ya jua nje kabla halijaingia jichoni. Kwa macho yako na huo uwanja wako wa mabati sikufikiria mara mbili. Nimekukatia hizo za kujitazamia.

Usiivue ukiwa nje. Usiivue ati unasalimia mtu. Usiivue hata Rais akipita.

Kaka yako,
Shem


Hai Malakal, Juba
19 Aprili 2024

Kaka Shem,

Habari za siku nyingi? Natumaini mko salama na mvua imewafikia. Sisi tulifungiwa shule kwa ajili ya joto, ndiyo maana nimekawia.

Miwani ni nzuri. Kusema kweli wiki ya kwanza nililala bila kichwa kuuma, nikakuombea heri. Watoto nao walicheka mpaka wakakaa chini. Walipanga foleni kujitazama machoni mwangu. Rejoice, mwanafunzi wangu mmoja mwenye pengo, alikuja karibu kabisa akachokoa meno.

Kicheko kimekwisha, Shem. Mimi naongea kwa mikono, lakini nusu ya maneno iko machoni. Mikono ikisema "umemaliza," ni macho na nyusi yanayoonyesha kama nauliza, nasifu, au nagomba. Sasa kila kitu nakisema kwa uso mmoja. Wiki iliyopita Rejoice aliniuliza kwa nini nimewakasirikia tangu tufungue shule. Mimi! Nikamwambia sijakasirika. Akatazama miwani, akajiona mwenyewe, akarudi kukaa.

Na wamenibadilisha jina. Siku hizi wanainua kiganja mbele ya uso na mkono wa pili unalainisha nywele, kama mtu aliye mbele ya kioo. Nimewakuta wakiniita hivyo wenyewe kwa wenyewe. Mtoto kiziwi hakupi jina kwa mzaha, anakuita anavyokuona. Imeniuma sana.

Rejoice alikuwa kila asubuhi ananisimulia ya kwao, nani kagombana na nani, nani kazaa. Nyumbani kwao hakuna anayejua ishara, mimi ndiye mtu wake wa kuongea naye. Sasa anakaa mwisho kabisa na kuchora mchangani.

Nitumie zile za wazi.

Dada yako,
Zilpah


Kakamega
6 Mei 2024

Zilpah,

Sisi wazima. Natumaini nawe mzima, ingawa kwa barua hii nina mashaka na kichwa chako.

Jibu ni hapana. Lenzi ya wazi yenye rangi nzito bado itakuficha macho. Ili watoto wakuone lazima niifanye nyepesi kama ile iliyokanyagwa, niliyokukatia kabla ya maneno ya daktari, kama chai uliyoongeza maji mara tatu. Hapo ni sawa na kutembea macho matupu. Mng'ao wa mchanga utakatika, sawa, lakini jua lenyewe linaingia lote.

Hebu fikiri kidogo. Mtoto anakuongelesha kwa mikono. Wewe ukipofuka utaisikiaje mikono? Mwalimu mwingine akipofuka anaendelea kuwasikia watoto wake. Wewe ndiyo basi. Unataka wakuone leo ili kesho wewe usiwaone?

Chumba cha nyuma kiko tupu. Rudi nyumbani, acha ubishi.

Kaka yako,
Shem


Hai Malakal, Juba
2 Julai 2024

Kaka yangu,

Salamu. Nilikaa bila kujibu kwa sababu nilikuwa nimekasirika, halafu nikaugua malaria, halafu nikaona hasira yenyewe imekwisha. Sasa niko sawa.

Ulichosema ni kweli tupu. Nimekisoma mara nyingi.

Ila namkumbuka Griffin. Mdogo wetu, kwa ule uziwi wake, hakuwa na mtu aliyejua kuongea naye isipokuwa mimi, na mimi nilijifunza kwake. Wewe ulikuwa unaongea naye huku umempa mgongo, mikono kazini, basi anakuja anakushika kidevu, anakugeuza. Ulikuwa unacheka.

Siku yake ya mwisho pale wodini alikushika kidevu hivyo hivyo. Wewe ukatazama dirishani, maana ulikuwa unalia na hukutaka aone. Ulipotoka aliniuliza, "Shem amenikasirikia?" Nikamwambia hapana, kaka analia. Sijui kama aliniamini. Alikuwa amechoka, alifumba macho.

Sijawahi kukwambia. Sikutaka uwe nayo moyoni. Nisamehe kwa kukupa sasa.

Juma lililopita Rejoice alitoka kule nyuma, akanishika kidevu. Kwa mkono wa pili akanivua miwani yako, akaiweka chini mchangani, akanitazama. Kisha akaanza kunisimulia mambo ya kwao tangu mwezi wa tatu, bila kupumzika. Sikuivaa tena mpaka saa ya kwenda nyumbani. Usiku nililala na kitambaa cha maji usoni.

Nitengenezee za wazi, Shem, nyepesi kama ulivyosema. Kitakachonipata nakijua, usinieleze tena.

Dada yako,
Zilpah


Kakamega
30 Julai 2024

Dada yangu,

Hatujambo.

Sikujua kwamba aliuliza.

Nimezikata. Za wazi, rangi ya chai, nyepesi. Mara mbili nimeiweka kazi chini nikatoka nje, na wifi yako akaniuliza kama kuna msiba. Nimezisafisha vizuri, usizifute kwa kanga, tumia kile kitambaa.

Naomba jambo moja tu. Vaa zile za kujitazamia njiani, sokoni, kila mahali ambapo hakuna mtoto. Na uniandikie kila mwezi kwa mkono wako. Herufi zako nazijua. Zikianza kuwa kubwa nitajua.

Kaka yako,
Shem


Hai Malakal, Juba
8 Oktoba 2024

Kaka Shem,

Mko salama wote? Hapa mvua imetunyeshea mpaka uani pamekuwa bwawa, tunafundishia barazani kwa jirani yangu Shallon, fundi cherehani kutoka Uganda. Anashona huku anatucheka.

Wamenirudishia jina langu. Sikuwaomba. Siku ya pili tu ya kuvaa zile za wazi niliona vidole viwili chini ya jicho, kutoka mstari wa mbele hadi wa nyuma, nikageuka nikajifanya natafuta chaki. Rejoice amerudi mbele. Sasa anajua kuandika majina ya watu wote wa kwao na kila mmoja ana kisa chake, vingine si vya umri wake.

Nimefurahi mwaka huu kuliko miaka mingi. Nataka ujue hilo.

Hizi herufi usizijali, kalamu ni mbaya.

Dada yako,
Zilpah


Kakamega
1 Desemba 2024

Zilpah,

Salamu kutoka kwa wote.

Si kalamu.

Njoo Krismasi nikupeleke Kisumu kwa daktari. Nimekwisha ongea na dereva wa basi.

Kaka yako,
Shem


Kakamega
14 Januari 2025

Dada yangu,

Natumaini uko salama. Krismasi tulikuwekea sahani, ikakaa mpaka usiku. Simu yako haipatikani. Dereva anasema barua alikukabidhi mkononi, na kwamba ulimgusa mkono kwanza kabla ya kuipokea. Nimemwomba arudie maneno hayo, akarudia.

Niandikie hata neno moja. Sina hasira. Nasema tena, Zilpah, sina hasira.

Kaka yako,
Shem


Hai Malakal, Juba
9 Februari 2025

Kaka Shem,

Mimi ni Shallon naandika, jirani ya dada yako. Swahili yangu iko kidogo, lakini yeye anasema maneno na mimi naandika vile anasema. Unisamehe kama kuna makosa. Sasa ni yeye.

Kaka, hujambo? Wifi hajambo? Barua zako zote nimezipata. Shallon alinisomea ya mwisho jana ndipo nikaona sina haki ya kukuweka hivi.

Giza lilianza katikati ya macho. Nikimtazama mtu, uso haupo, naona ukuta ulio kando yake. Nikadhani nitawahi kufika Desemba nikiwa naona mikono. Siku moja Rejoice alikuwa ananieleza jambo, anacheka, nami nikatazama mikono yake na mikono haikuwepo. Palikuwa na ukungu unaocheza. Nikamwomba arudie. Akarudia. Nikamwomba tena. Akaacha kucheka, akaishusha mikono, na hapo akajua kabla sijamwambia.

Shule imepata mwalimu mwingine, Ojok, kijana kiziwi mwenyewe, na wanasema ni mwepesi wa mikono. Nimefurahi. Nimelia pia, Shallon anaandika hivyo ingawa nimemkataza.

Ijumaa niliwaaga. Nilivua miwani kabisa, nikasimama pale juani ili wanione vizuri, nikasema kwa mikono mambo yote niliyotaka kusema. Wamejibu nini sijui. Rejoice akaja, akachukua mkono wangu, akavinyoosha vidole vyangu viwili, akaviweka chini ya jicho langu. Alivishikilia hapo muda mrefu. Kalas, yamekwisha, nikaondoka.

Najua unajilaumu kwa kuzikata zile lenzi. Mimi niliomba, na ningeomba tena.

Jumamosi hii napanda basi, nitashuka Bungoma, uje unipokee. Zile za wazi nimemwachia Rejoice. Mimi nitakuwa nimevaa za kujitazamia, maana huko nyumbani hakuna anayesoma macho yangu, na mwanga bado unaniuma.

Usiniite kwa mbali kwenye zile kelele za stendi. Njoo unishike kidevu, unigeuze upande wako. Na ukiwa unalia, niambie kwa mdomo kwamba unalia, nisije nikadhani umenikasirikia.

Dada yako,
Zilpah