Besi ya Kashindye Haikugeuzwa

Mwaka umetimia, mwanangu Kashindye Yakobo, tangu ulipotutoka na kuiacha nyumba yetu ya Buhongwa ikiwa kimya kupita kiasi. Machozi tumekwisha kuyatoa, na Mungu anayajua. Leo tunakuandikia kwa sababu tunalo jambo la kukueleza, nalo ni jambo la kushusha pumzi. Besi yako inapigwa tena, na haikugeuzwa.

Wapo watakaosoma maneno haya bila kukufahamu. Wao na wajue kwamba ulikuwa fundi wa kuchomelea mageti na madirisha kwa juma zima, na kila Dominika ulikuwa mpiga gitaa la besi wa kwaya ya parokia yetu. Tena wajue kwamba ulikuwa mtu wa mashoto.

Bibi yako mzaa baba alijitahidi sana kukurekebisha. Alikufunga kitambaa katika mkono wa kushoto ili ujifunze kuutumia wa kulia. Ukajifunza kula kwa kulia na kusalimia kwa kulia, lakini jembe, nyundo na kalamu vilikataa kuhama. Bibi akakuonya, "Mkono huo haupokei baraka." Nawe, mtoto mdogo usiyefika hata kiunoni pake, ukamjibu, "Bibi, huu haupokei wala hautoi. Huu ni wa kazi." Bibi alicheka mpaka akakifungua kitambaa kwa mikono yake mwenyewe, na hakukirudisha tena.

Ulipokuwa kijana ulikwenda Mirongo kuomba nafasi katika bendi moja. Kiongozi wao alipokuona umelishika gitaa kinyume, hakungoja hata ulipige. Alikuambia, "Geuza mkono, au geuka uondoke." Uligeuka ukaondoka. Nilipokuona unaingia uani nilidhani utakuwa na hasira, lakini ulisema tu, "Mama, yule mzee anasikiliza muziki kwa macho," kisha ukaomba uji.

Ulikuwa na maoni mengi juu ya magitaa, mwanangu, na hukumnyima mtu hata mmoja. Ulisema kwamba dukani gitaa la mashoto huwa moja tu, na rangi yake ni ile iliyokataliwa na watu wote. Kwa hiyo ulinunua gitaa la kawaida lililovunjika, ukaliunga, kisha ukazipanga nyuzi upya ili uzi mnene ukae juu, mahali mkono wako ulipoutaka. Kile kijipande kinachozishika nyuzi kule kichwani hakikukubali mpangilio mpya, maana kila uzi una njia yake ya unene wake. Ukachonga kingine kwa mfupa wa fahali aliyechinjwa siku ya harusi yako na Teodora. Teodora alikuuliza kama maduka yameishiwa vifaa. Ulimjibu, "Plastiki inaunyamazisha uzi, mke wangu. Mfupa unausindikiza."

Kwa kuwa gitaa lilikuwa limepinduliwa, vile vitufe vya kuongezea sauti vilikuja kukaa chini ya mkono wako. Hatutaisahau Dominika ile ya matoleo, kiwiko chako kilipokigusa kitufe na besi ikakatika ghafla. Kwaya iliyumba kama watu walioondolewa kiti. Ulizitazama waya, ukaitazama amplifaya kwa macho makali, mwishowe ukakitazama kiwiko chako. Jumamosi iliyofuata ulikivika kitufe kile pete ya mpira wa baiskeli, na tangu hapo hakikuthubutu kusogea.

Walikuuliza kwa nini hununui besi ya nyuzi tano kama vijana wa sasa. Ulijibu kwamba nyuzi nne zinamtosha mtu anayejua pa kusimama. Walikuuliza utazifikiaje noti za juu na gitaa limepinduliwa. Ulijibu, "Zile ni za mpiga solo. Mimi sina safari ya huko."

Na amplifaya! Hukutaka kuziona zile nyepesi zinazobebwa kwa mkono mmoja kama kapu la sokoni. "Amplifaya ya kweli," ulisema, "hubebwa na watu wawili, na wote wawili hulalamika." Hukukubali iwekwe konani mwa kanisa. Ulisema kona huinenepesha besi bila kuipa afya. Hukukubali ikae juu ya saruji bila mbao mbili chini yake. Tena ulikuwa hupandishi sauti hata wanakwaya walipokuomba. Mwalimu wenu wa kwaya, Nestory, analikumbuka neno lako na amelifanya kuwa sheria: "Watu wakitoka kanisani wakisema besi ilikuwa nzuri, nimezidisha. Wakisema leo kwaya imeimba vizuri, basi nimepatia."

Nyumbani, hata hivyo, sheria hiyo hukuifuata. Ulipofanya mazoezi sebuleni, kifuniko cha sufuria kilitetemeka jikoni, nami nilipaza sauti, "Kashindye, punguza, vyombo vitaanguka!" Sufuria hiyo hiyo ndiyo uliyochemshia nyuzi zako, ukisema upepo wa ziwa unazila na kuzifanya bubu. Nilizikuta siku moja nyuzi zikitokota mahali nilipokusudia kupika sato.

"Mama, sufuria yako ndiyo inayonipa sauti," ulisema.

"Na wewe ndiye unayenipa kutu katika mchuzi," nilikujibu.

Kesho yake uliniletea sufuria mpya, lakini ukaendelea kuchemshia ile ya zamani, na mimi nikaendelea kupikia ile ya zamani, maana mpya ilikuwa haijazoea moto wetu.

Nilipoanza masomo ya watu wazima, ulikaa karibu nami jioni, wewe na besi yako isiyounganishwa na umeme, mimi na kalamu yangu. Mkono wangu ulipokataa kuitii herufi, hukunicheka. Ulisema, "Polepole, Mama. Mkono ni mgeni, lakini atazoea nyumba." Neno hilo nimelitunza, na mwaka huu nimelitoa kumpa mtu mwingine, kama utakavyosikia.

Ulipolazwa, na sote tukaelewa kwamba dawa zimefika mwisho wake, hukuzungumza juu ya mageti wala juu ya kiwanja. Ulinishika kwa mkono ule wa kushoto ukasema, "Mama, besi yangu wasiigeuze." Nilikuahidi. Teodora alikuwa upande wa pili wa kitanda, naye aliahidi.

Ahadi ilikuwa nyepesi pale kitandani, mwanangu. Ilianza kuwa nzito baada ya mazishi.

Ukoo ulipokaa kumaliza msiba, nguo zako zilipata wenyewe na mashine yako ya kuchomelea ilipata mwenyewe. Besi ilibaki ukutani. Wapigaji wote waliotujia walikuwa wa mkono wa kulia. Nestory alisema kwa heshima zote, "Mama, tukizipanga nyuzi upya na kubadilisha kile kijipande, Dominika ijayo itapigwa." Nilimwambia siwezi. Baba yako mdogo Mashimba, ambaye wewe mwenyewe unajua kwamba hasemi jambo kwa ubaya, alisema mbele ya wote, "Chombo cha marehemu hakikai ukutani kama picha. Tuungoje mwaka. Ukitimia bila mtu wa kukipiga kama kilivyo, apewe anayeweza, akigeuze atakavyo." Wazee waliitikia. Hata mimi niliitikia, kwa maana wewe pia hukupenda ala ikae bure.

Tangu siku hiyo nikawa mtu wa kutazama mikono. Kanisani nilitazama mikono, sokoni nilitazama mikono. Kwaya iliimba bila besi, na mahali pako, pale mwisho wa mstari uliposimama ili shingo ya gitaa lako isimgonge jirani, hapakusimama mtu. Miezi ilikwenda. Hofu yangu ilikuwa moja, nililala nayo na kuamka nayo, kwamba nitaivunja ahadi yangu kwako, au nitaiua besi yako kwa ukimya.

Ndipo Teodora alipokwenda Buzuruga kushonesha nguo. Fundi, dada mmoja aitwaye Bernadeta, alikuwa anakata kitambaa kwa mkono wa kushoto. Teodora alimtania, "Dada, mkasi huo umeushika kinyume."

"Mkasi ndio ulioumbwa kinyume," Bernadeta alijibu bila kuinua kichwa. "Kitambaa hakijalalamika."

"Na gitaa je, unaweza kulipiga hivyo hivyo?" Teodora aliuliza, akitania bado.

"Besi. Usharikani kwetu, ibada ya kwanza."

Teodora anasema aliketi chini juu ya mabaki ya vitambaa, akamwomba aje kuijaribu besi yako.

Bernadeta alikuja nyumbani Jumamosi. Tuliita watu. Baba mdogo Mashimba alikuja na kofia yake ya sherehe. Tulimkabidhi besi, akaivaa, nayo ikamkaa kama iliyokuwa ikimngoja. Kisha akapiga, na kilichotoka, mwanangu, kilikuwa fujo tupu. Alisimama. Alizitazama nyuzi. "Mama," aliniambia, "nyuzi hizi zimepangwa kinyume."

Alitueleza kwamba yeye alijifunza kwa gitaa la watu wa kulia alilolipindua tu bila kuzigusa nyuzi, hivyo katika mikono yake uzi mnene hukaa chini na mwembamba hukaa juu. Yako ilikuwa na mnene juu. Wote wawili mlikuwa wa mashoto, na hakuna aliyeweza kuipiga besi ya mwenzake.

Mashimba aliivua kofia. "Kumbe hata mashoto wana mashoto wao!" Watu walicheka, nami nilicheka pamoja nao, lakini ndani yangu kitu kilikuwa kimeanguka. Bernadeta aliuliza kwa upole kama nyuzi zinaweza kupangwa upya. Teodora aliinuka, akaenda uani.

Bernadeta alimfuata kwa macho. Aliuliza amekosea nini. Nilimwonyesha kile kijipande cheupe, nikamweleza kwamba kuzipanga nyuzi upya ni kukitoa, na kwamba ni mfupa wa harusi ya yule aliyekwenda uani. Nilimweleza pia uliyoniambia kitandani. Alikipapasa kijipande kile kwa kidole kwa muda mrefu, kama afanyavyo fundi anapoupima mshono wa fundi mwenzake. Kisha akasema, "Basi msiiguse. Nitajigeuza mimi."

"Utaanza upya kabisa?" Mashimba alimwuliza. "Kwa umri huu?"

"Baba, kwani vidole vina umri?"

Hapo ndipo nilipomwambia neno lako. Nilimwambia mkono ni mgeni, lakini atazoea nyumba.

Alikuja kila Jumamosi baada ya kufunga cherehani. Mwanzoni tulisikia makosa yake mpaka kwa majirani, na Mashimba alikuwa akiuliza getini, "Leo nani anapigana humo ndani?" Bernadeta naye alimjibu, "Shikamoo baba, leo nashinda mimi." Alikasirika mara nyingi. Kuna Jumamosi aliyoiweka besi mezani akasema hatarudi, lakini Jumamosi iliyofuata alirudi na nyuzi mpya na akaniomba sufuria, ile ya zamani, azichemshe zile zilizotoka ziwe za akiba. Sikumfundisha jambo hilo. Nilimpa sufuria, nikatoka nje kwanza.

Kisha siku moja nilikuwa jikoni nikichambua mboga, na kifuniko kikaanza kutetemeka. Hakikutetemeka ovyo. Kilitetemeka kwa mpangilio, kikishuka ngazi kwa ngazi kama ulivyozoea kushuka katika wimbo wa matoleo. Nilipaza sauti kabla sijafikiri, "Punguza, vyombo vitaanguka!" Sebuleni besi ilinyamaza. Kisha Teodora akaanza kucheka, na Bernadeta akacheka, na mimi huku jikoni nikacheka nikiwa nimeshika kisu na mchicha. Nyumba yako haikuwa imecheka hivyo tangu ulipoondoka.

Dominika iliyopita, Bernadeta alipotoka katika ibada ya kwanza ya usharika wake, Nestory alimweka mahali pako mwisho wa mstari. Amplifaya yako ililetwa na watu wawili, na wote wawili walilalamika. Ilikaa juu ya mbao zake mbili, mbali na kona. Katika Misa nzima niliogopa kuinua kichwa.

Tulipotoka nje, Mama Dorcas wa jumuiya yetu alinishika mkono. "Mama Kashindye, leo kwaya imeimba! Mmeongeza waimbaji?"

"Ni wale wale," nilisema.

"Basi wamekula nini?"

Wengine nao walikuja, wakasema vivyo hivyo kwamba kwaya imeimba vizuri. Niliwasikiliza wote mpaka wa mwisho, na hakuna aliyeitaja besi. Baba mdogo Mashimba alikuwa amesimama kando, kofia mkononi. "Shemeji," aliniambia, "jambo hili limekwisha. Sitalifungua tena."

Mzigo ule nimeutua, mwanangu. Nawe pumzika.

Unakumbukwa na mimi mama yako Paskazia, mke wako Teodora na watoto wenu, dada yako Kija na mume wake, baba yako mdogo Mashimba na ukoo wote wa Buhongwa, mwalimu Nestory na kwaya, na Bernadeta, ambaye hamkuonana lakini anakufahamu kwa vidole. Misa ya kukuombea itasomwa parokiani Dominika hii, na besi yako itakuwapo.

Kila mara watu watakapotoka kanisani wakisema kwaya imeimba vizuri, sisi tutajua kwamba umetajwa wewe.