Kitambaa cha Mama juu ya risiva

Kabondo, Kisangani
24 Juni 2001

Mpendwa kaka Constant,

Kabla ya lolote, pokea salamu zetu nyingi. Brussels inakuendeaje, na kile kikohozi kimekuacha? Sisi tunapumua. Mizinga imenyamaza na mihogo inavuka tena mto kutoka Lubunga. Barua hii inabebwa na mfanyabiashara anayeenda Goma. Ikikufikia, mshukuru Mungu kwanza, kisha yeye.

Tarehe tisa Papa alitimiza mwaka tangu bomu lile limuue. Ilikuwa siku ya kumaliza matanga, Mama avue nyeusi. Alikataa. Nakiri, nilikasirika, kisha nikaogopa atazeeka ndani ya nguo ile.

Unaikumbuka kaseti uliyomrekodi Papa na kwaya yake, wiki uliyoondoka? Kila tulipoipiga kupitia risiva ya sinema uliyotutumia, ile mashine ya kuendesha sauti, risiva ilizimika yenyewe Papa akiwa katikati ya wimbo wa mwisho. Mama akaamua kwamba Papa hataki matanga yaishe. Wewe ungebishana naye? Mimi sikuthubutu.

Nikamwita Yakubu, fundi wa redio aliyetoka Maniema. Aligusa risiva, akaondoa mkono upesi, akauliza nani ametandika kitambaa. Ni kile cheupe alichofuma Mama, na juu yake picha ya Papa. Unatujua: kitu kilichotoka Ulaya hakikai uchi sebuleni. Chini ya risiva tulikuwa tumepanga zile ampli mbili za kwaya, za kukuza sauti.

Nilimuuliza, ikiwa ampli ndizo zinazosukuma bafle kubwa, zile spika za kwaya, risiva inachemkia nini? Akanijibu: "Hata kama haibebe muzigo, iko na moto yake. Na ninyi muliiweka juu ya jiko, mukaifunika blanketi. Ikipata moto sana inajizima." Tena akakuta bafle ndogo za zamani bado zimeunganishwa nayo nyuma ya kabati. Kumbe mzigo iliubeba, na hilo lilikuwa kosa langu mimi, niliyesahau kuzichomoa.

Alifungua nyaya za bafle hizo. Ampli tukazishusha sakafuni, risiva ikabaki peke yake kwenye rafu, imeinuliwa kwa vizibo vinne, na feni ndogo pembeni. Kitambaa hakuna aliyekigusa. Mama alikuja mwenyewe, akakikunja, akatundika picha ukutani.

Jumapili iliyopita tulipiga kaseti tena. Niliweka kiganja juu ya risiva: vuguvugu tu. Wimbo ukaisha. Zamani, kabla ya risiva kuja, tulikuwa tukizima hapo, lakini safari hii hakuna aliyenyoosha mkono. Kaseti ikaendelea kuvuma kidogo, kisha tukamsikia Papa, karibu kabisa, akikuambia:

"Constant, zima. Mama yako iko ananingojea ku meza."

Kaka, nililia. Mama naye machozi yalimtoka, halafu akacheka, mara ya kwanza kwa mwaka mzima. "Njo yeye, ni yeye kabisa," akasema. "Tumbo mbele." Akaingia chumbani. Alipotoka alikuwa amevaa kitenge cha njano, akaenda moja kwa moja kutwanga majani ya muhogo kwa pondu.

Msalimie wifi Claudine na watoto. Tante Angèle anawasalimu, Yakubu pia, ingawa hamjuani. Mungu awafunike kwa mkono wake na atukutanishe tukiwa wazima.

Kitambaa sasa kiko mezani, mahali unapokaa wewe. Mama amekataza mtu mwingine kula hapo.

Dada yako akupendaye daima,
Odile