Nimsitiri Mume Wangu Hadi Chini ya Maji?

Mpendwa mshauri, naomba msaada wako na unijibu upesi, maana safari imekaribia na kifua changu kimejaa. Mimi ni fundi cherehani, mume wangu ni msimamizi wa ghala, na sote wawili ni wanachama wa klabu ya kuzamia inayofanya mazoezi kwenye machimbo ya zamani ya mawe yaliyojaa maji, maji baridi ya kukutoa roho na chini huoni kitu ila tope na trekta bovu lililotupwa humo, lakini nikishavaa mtungi wa hewa mgongoni nikashuka, kelele zote za wateja wanaodai nguo zao huzimika nikawa mtu mwingine kabisa, ndiyo maana klabu ilipopanga kwenda visiwani, kwenye bahari ya joto yenye samaki wa kila rangi, niliiwaza safari hiyo hadi nikawa nashona mikono ya magauni nje ndani.

Sasa sisi tuna desturi, kabla ya kuingia majini kila mtu anamkagua mwenzake, mikanda, geji ya kupimia hewa, koki ya mtungi kama imefunguliwa yote, na mwenzangu mimi ni huyo huyo mume wangu, ila kukaguliwa na mkewe mbele za watu anaona ni kudhalilishwa, anautoa mkono wangu, "Niache bwana, mimi si mtoto," basi siku moja akaruka hivyo hivyo, tukiwa chini nikaona macho yamemtoka pima, mshale wa geji yake unaporomoka kila akivuta pumzi na hewa haiji, nikampa mdomo wa akiba wa mtungi wangu, nikamshika mkanda, tukapanda polepole kama tulivyofundishwa, na tulipofika nchi kavu nikaitazama koki yake, jamani, ilikuwa imefunguliwa kidogo tu.

Ungedhani ataniambia asante. Thubutu! Wenzetu walipouliza mbona tumepanda mapema, akajibu, "Mama hapa alishikwa na woga, ikabidi nimpandishe," watu wakampigia makofi, nami nikanyamaza, na mkufunzi wetu akaamua kwamba kule visiwani nitabaki na wanaoanza kwenye maji mafupi, mume wangu atashuka kwenye kina na mgeni asiyemjua. Nikimwambia arekebishe ananibembeleza, "Nisitiri mke wangu, nitauweka wapi uso wangu?" na wifi yangu anasema mke mwema hufunika. Jumamosi iliyopita kakataa tena kukaguliwa. Mshauri, kubaki ufukweni kuchota mchanga sitaki, nimeapa, lakini kumvunjia mume heshima pia naogopa. Nifanyeje?

Fundi Aliyenyamaza

JIBU

Fundi, pole, na hongera pia, kwa sababu kumtoa chini mtu aliyeishiwa hewa si kazi ya mwoga. Mimi kuogelea sijui, maji ya beseni yananitosha. Lakini ndoa nazijua, na barua yako imenitisha kuliko hayo machimbo.

Umenieleza kwa kirefu nafasi uliyonyang'anywa. Halafu pale mwishoni, kama mtu anayeaga, unasema amekataa tena kukaguliwa. Mama wee! Hapo ndipo ulipaswa kuanzia. Nafasi ni haki yako na utaidai, lakini mumeo anakwenda kushuka na mgeni aliyeambiwa kwamba huyu ni shujaa. Nani atajisumbua kumkagua shujaa?

Mke humsitiri mumewe akikoroma, akiunguza chakula, akilia harusini. Koki isiyofunguliwa yote huwezi kuisitiri. Mficha maradhi, kilio humuumbua. Na usijifanye malaika, mama: makofi yale yalipopigwa ukanyamaza, uongo ukawa wenu wote wawili.

Leo akitoka kazini mkalishe. Usipige kelele, usimlete wifi, na kwenye kundi la simu la klabu usiandike hata neno. Mwambie: "Jumamosi tunakwenda kwa mkufunzi, mimi na wewe. Utasema wewe kilichotokea. Ukishindwa, nitasema mimi." Mkufunzi anatosha, si lazima klabu nzima ijue. Heshima yake umeilinda hapo. Kisha omba ushuke machimboni mbele ya mkufunzi, aone mwenyewe kama una woga.

Na siku ya safari, kwenye boti, asiyekaguliwa haruki. Akikataa mwite mkufunzi hapo hapo, watu wote wakitazama, na usiombe radhi.

Atanuna, najua. Atakula kimya, atalala amekupa mgongo, wifi atapiga simu akuite mke mbaya. Mwambie wifi asante kwa kupiga, kisha ukate simu uendelee kushona. Mume mwache anune hadi achoke. Anayenuna bado anapumua.