Wifi Ameomba Radhi kwa Kosa Langu

Mpendwa mshauri, naomba msaada kabla sijaumbuka. Mimi naandika programu za kompyuta, na kazini wananiita Profesa, jina ambalo, nisikufiche, nalipenda mno. Meza yangu inatazamana na ya wifi yangu, dada wa mume wangu, ambaye ndiye pekee ninayeandika naye programu hizo, na wiki iliyopita programu yetu ya kuwakumbusha wagonjwa miadi yao ilichanganyikiwa, ikawaita wazee wa kiume kliniki ya wajawazito, na wakaenda, mshauri, wakajipanga kwenye benchi na fimbo zao, mmoja akamwambia muuguzi, "Binti yangu, kama kompyuta imeona kitu, nipime tu." Ofisi nzima ikacheka isipokuwa meneja, akauliza nani kaharibu, nami bila hata kuangalia nikasema, "Si mimi. Mimi sikosei vitu vya kitoto," macho yote yakamgeukia wifi, naye maskini akasimama akaomba radhi, akidhani kweli ni yeye. Juzi nikafungua kazi yangu kurekebisha jambo jingine, nikalikuta kosa lenyewe limetulia pale kama mwenye nyumba. Nikalifuta kimyakimya. Sasa wifi hajiamini tena, na jana tukiwa mezani akamwambia kaka yake kwamba ataacha kazi, mume wangu akanigeukia, "Mke wangu, mtie moyo mwenzako," nami nikamwongezea wifi mchuzi. Nikisema, uprofesa wangu umekwisha. Nifanyeje?

*Profesa*

Profesa,

Nakupa pole nusu. Nusu nyingine ni ya wifi yako. Nimewacheka wale wazee mpaka machozi, kisha nikakukasirikia wewe. Kukosea si dhambi, kila anayegusa kompyuta itamwaibisha siku moja. Ubaya wako ni kumtazama mwenzako akijidharau, na dawa umeifungia kinywani. Eti uprofesa utakwisha! Huo wa kutokosea hukuwahi kuwa nao, mwenzangu, watu walikuwa wanakustahi tu.

Usimnong'oneze jikoni, wala usimtume mumeo. Ulimwaibisha mbele ya watu, msafishe mbele ya hao hao. Kesho asubuhi, kabla hujawasha kompyuta, simama useme: "Kosa lilikuwa langu, na nililificha." Hiyo sehemu ya pili usiiruke. Halafu nyamaza. Nikisikia "lakini" tutagombana.

*Mshauri*

Nyongeza: Jibu hili nilimtumia kabla halijachapwa, naye ameniandikia. Alisimama, akasema yote. Wifi akamkodolea macho: "Wifi! Nimelia chooni kwa sababu yako!" Hakumsemesha mpaka jioni, wakapatana njiani wakirudi nyumbani, na habari za kuacha kazi zimekwisha. Ila asubuhi ile ile ofisini, kabla watu hawajakaa, meneja alikohoa, akatazama dari, akasema kwamba kuna siku waya wa mtandao uling'oka, wote wakamfokea fundi, kumbe aliung'oa yeye kwa kiatu chake. Fundi alipigiwa simu papo hapo, ofisi nzima ikipokezana kumwomba radhi.