Gamba la Meneja Si Bati

Gereji ya Babu,
Nyuma ya kituo cha mafuta,
Tarehe 9 Juni.

Mpendwa mjukuu wangu, Bi Maswali,

Salamu nyingi zikufikie huko mbali mliko, wewe na mama yako na baba yako. Hali zenu? Kikohozi kimekwisha? Na lile jino, limeng'oka au bado unalitikisa kwa ulimi mezani mpaka mama yako anakasirika? Sisi huku hatujambo. Bibi yako mgongo unamsumbua, lakini mdomo mzima. Mimi ni mzima kama nyundo. Mwezi uliopita nilinyoosha mlango wa basi peke yangu, vijana wamekaa wananitazama.

Barua hii naandika kwa mkono wangu. Shangazi yako alitaka mimi niseme yeye aandike, nikamwambia kalamu haiwezi kuwa nzito kuliko spana. Ukiona herufi zimelala, ujue zimechoka zenyewe, siyo mimi.

Barua yako tumeipata. Umesema mwalimu amekupa zamu ya kuwaeleza wenzako jinsi kobe anavyotembea na anavyojilinda, na kwamba umeshawatambia unaye wako kwa babu. Umefanya vizuri kuniuliza mimi. Mtaa mzima huu hakuna mtu aliyemtazama kobe kama nilivyomtazama mimi siku hizi.

Sababu ya kumtazama ndiyo hii, na nataka uisikie kwangu. Meneja, kobe wako, ameumia, na aliyemuumiza ni mimi. Yu hai. Lakini leo ni siku ya kumi na mbili hajapiga hatua hata moja wala hajala.

Unakumbuka tulimwita Meneja kwa sababu anazunguka gereji siku nzima, anakagua kazi za watu, hashiki kitu. Siku hiyo nilikuwa nimeinua kwa jeki gari la kupeleka mikate. Dereva wake akasema, "Mzee, tazama chini kwanza." Nikamjibu, "Wewe kauze mikate. Mimi nashusha magari tangu hujaota meno." Nikashusha. Tukasikia mlio kama wa sahani kupasuka. Meneja alikuwa amelala kwenye kivuli cha tairi, likamkanyaga ukingo wa gamba upande wa mkia. Nilipandisha jeki upesi, ndiyo maana yu hai.

Kosa la pili ni baya kuliko hilo, maana nililifanya macho wazi. Bibi yako alisema tumpeleke kwa daktari wa wanyama. Nikasema miaka arobaini naziba mabampa, ufa wa urefu wa kidole utanishinda? Nikachanganya pati, lile tope la kuzibia mabati ya magari, nikaziba, nikapiga msasa mpaka pakawa laini. Nikamwita jirani yetu fundi cherehani aje aone kazi. Akazunguka, akainama, akasema, "Kazi safi, fundi. Sasa muulize mwenyewe kama inauma." Nikamwambia arudi kwenye vifungo vyake.

Siku ya tatu ukingo wa ile pati ukaanza kutoa maji na harufu. Bibi yako akamweka Meneja kwenye beseni, akatoka bila kuniaga. Nikamfuata nyuma.

Daktari ni binti mdogo, umri wa shangazi yako. Aliikwangua pati yangu yote kidogo kidogo, saa nzima, mimi nimeshika beseni. Halafu akaniuliza, "Babu, umewahi kupiga msasa kucha yako mpaka ukafika kwenye nyama?"

"Hapana."

"Basi hapa ulifika."

Bibi yako ni shahidi wa maneno hayo, na ameshawaambia watu wote.

Sasa sikiliza vizuri, haya ndiyo ya kuwaambia wenzako. Mimi nilidhani kobe amevaa gamba kama gari lilivyovaa bodi. Sivyo. Juu ni kitu kigumu kama kucha zako, chini yake ni mfupa, na mbavu zake na uti wa mgongo vimeungana na gamba humo humo. Hawezi kulivua akaliacha mlangoni. Ukimgusa mgongoni kwa kidole, anajua.

Ufa umezibwa kwa faiba, kitambaa cha nyuzi za kioo, ile ile ninayozibia magari, ila ya kwake ni safi ya hospitali. Daktari aliniomba nimkatie kipande. Nilikata mara moja kikakaa sawasawa, hakikupunguzwa hata uzi. Akasema mkono kama huo hajauona. Hilo nalo waambie.

Akaniagiza Meneja akae pakavu na pakimya. Kobe husikia mtikisiko wa ardhi kwa mwili wake, na kila nyundo ikipigwa anazidi kujikunja. Wiki mbili zikipita bila kula wala kukanyagia mguu wa nyuma wa kushoto, ule ulio karibu na ufa, daktari hawezi kuniahidi kitu. Basi nyundo nimezitundika. Dereva wa mikate kila asubuhi anachungulia, "Mzee, leo pia kuna msiba?" Namwambia ashushe sauti.

Kazi yangu sasa ni kukaa juu ya sanduku la vyuma na kutazama. Nimejifunza kwamba akiogopa anavuta kichwa ndani, halafu anafunga mlango kwa miguu ya mbele, ile yenye magamba magumu. Akijivuta utasikia "fsss". Watu hudhani anatukana. Ni pumzi inatoka ili miguu ipate nafasi ndani. Daktari ameniambia binamu yake wa baharini, kasa, hana bahati hiyo. Kichwa chake hakiingii ndani. Ila ana miguu kama makasia, adui akija anampita kwa mbio. Huyu wetu hana mbio, ana subira tu na mlango mgumu. Mimi sijawahi kuwa na subira ya dakika tano, muulize mama yako.

Hapa niliacha jana, bibi yako aliniita kula. Leo ni siku ya kumi na tatu, naendelea.

Asubuhi kilianza kutoka kipua, halafu jicho moja. Akanitazama muda mrefu, na mimi nikazuia kikohozi. Akatoa mguu wa mbele wa kulia. Kobe miguu yake haiko chini ya tumbo kama ya mbuzi, imetokea pembeni, ndiyo maana anatembea kama mtu aliyebeba kabati peke yake. Ukienda wa mbele wa kulia, unaofuata ni wa nyuma wa kushoto, na huo ndio tuliokuwa tunausubiri. Ukatoka, ukateleza. Ukasukuma tena, ukateleza. Mara ya tatu makucha yakashika sakafu, mwili mzima ukainuka, akaenda.

Tango nililomwekea hakulitazama. Alikwenda kwenye jua lililoingia mlangoni, na huko akakuta jani la kabichi ambalo bibi yako aliliweka kwa siri, akaling'ata. Nimepima kwa futi kamba: sentimita sitini na nane. Nimewahi kunyoosha basi lililopinduka watu wakapiga makofi. Leo hakuna aliyepiga. Bibi yako alisimama na ufagio mkononi, hatukusemezana, tuliogopa kumrudisha ndani.

Faiba itakaa miezi mingi, daktari kasema. Lakini atapona.

Siku ya zamu yako, wakikuuliza umejuaje kama gamba linauma, usinifiche. Waambie babu yako, fundi mkubwa, alilipiga msasa, akakosea, akaambiwa na binti mdogo, akasikia.

Nisalimie mama yako na baba yako, na mdogo wako mbusu kichwani. Shangazi na bibi wanawasalimu sana. Fundi cherehani naye, basi. Mungu awalaze salama na awaamshe na afya.

Ni mimi nikupendaye,
Babu yako