Tumbo la Carelle na mikono ya mama mkwe

Mama Benedicte,

Unisamehe nimekawia kukuandikia, ni mwezi mzima tangu nisome majibu yako katika gazeti dogo la parokia, kila nikianza barua mtoto analia, naiacha, na tena nilikuwa naogopa kwa sababu mtu nitakayemsema ni mtu mzuri. Binti yangu Carelle alizaliwa na miezi saba, hospitali Lilongwe, kilo moja na nusu, na siku ya kutoka sista alinifundisha kumkanda tumbo kwa sababu ya gesi na choo kinachokawia, vidole viwili tu, polepole, kuzunguka kitovu kama mshale wa saa, maziwa yakishashuka. Ilisaidia kabisa. Lakini hapa kambini Dzaleka tunaishi na mama mkwe, Kankindi, mi nilipopata homa yeye njo alimbeba mtoto, na anamkanda kama kwetu Burundi, anamlaza juu ya miguu yake, anasukuma tumbo kwa kiganja kizima, halafu anamuingizia maji ya majani kwa nyuma ili lifunguke. Nikisema kitu ananicheka: "We mwana, na hivyo vidole viwili unakanda ao unafukuza nzi? Mi nimekanda batoto saba!" Namwachia aendelee. Bwana wangu Gélase iko Kauma anatafuta kibarua, anarudi Jumamosi, anasema tusimuudhi mama yake. Hata muuguzi wa kambi aliponiuliza habari ya majani nilisema hatutumii. Tangu Jumapili tumbo ni gumu, ananyonya kidogo, jana alitapika kijani, na mi sijui kama nakanda vibaya.

Nahitaji unitumie: termometa, chupa ndogo ya mafuta ya mtoto, na maneno ya kumsomea mama mkwe yasiyomvunja moyo.

Irangabiye, Dzaleka

Irangabiye, binti yangu,

Barua yako imenifikia hapa Mchesi leo asubuhi. Sikungoja gazeti, Norbert wa parokia anapanda gari sasa hivi na jibu hili mkononi. Baadaye tutalichapa kwa ajili ya akina mama wengine.

Matapishi ya kijani umeyaandika kama mtu anayetoa habari ya mvua! Mtoto aliyezaliwa na miezi saba, mwenye tumbo gumu na matapishi ya kijani hakandwi na mtu yeyote, si wewe, si sista, si mimi. Ulipaswa kwenda kliniki kabla ya kushika kalamu. Nenda sasa hivi, mtoto kifuani, umwambie muuguzi awapeleke Lilongwe. Usimngoje Gélase. Na habari ya majani, sema kweli yote. Najua uliogopa kumwaibisha mama mkwe, lakini daktari lazima ajue nini kimeingia katika tumbo hilo.

Hukukosea kukanda. Ulikosea kunyamaza.

Msomee mama mkwe hapa, kwa sauti: "Mama Kankindi, amahoro. Mimi nimezalisha wanawake Bukavu miaka kumi na mitano, na mikono yako naiheshimu. Batoto wako saba walitimiza miezi tisa, matumbo yao yalikomaa. La huyu bado ni laini kama jeraha. Kiganja kizima na maji ya nyuma, basi, hata siku moja tena. Fuatana nao hospitali, Irangabiye amechoka, hawezi kusimama foleni peke yake."

Termometa Norbert anayo. Mafuta nimeyabakiza mimi: daktari akisharuhusu kukanda, mtayafuata Mchesi ninyi wawili, na nitamtazama Kankindi akikanda kwa vidole viwili.

Mama Benedicte